Kamba za Katani: Kisa cha Mwanagenzi wa Nyaraka Aliyelipwa kwa Boksi

Kisa hiki nakiandika kwa ajili ya wanaofikiria kumfundisha kijana utunzaji wa nyaraka akiwa kazini, huku akilipwa. Mimi ndiye niliyekuwa msimamizi. Jina la chama, mkoa, na kila kinachoweza kumtambulisha mhusika nimekiondoa. Mwanagenzi mwenyewe ameisoma rasimu, akaridhia, na mahali pawili akanisahihisha.

Usuli

Chama kikuu cha ushirika cha wakulima wa kahawa kilikuwa na stoo tatu zilizojaa karatasi nyuma ya jengo la utawala. Ndani mlikuwa na madaftari ya mizani, leja za mikopo, mihtasari ya vikao, barua za vyama vya msingi (vile vya wakulima wenyewe, vinavyounda chama kikuu) na hati za viwanja vya kukusanyia kahawa, nyingine za tangu miaka ya 1940. Sehemu kubwa ilikuwa mafurushi yaliyofungwa kwa kamba za katani na kurundikwa juu ya magunia. Stoo ya kati ilivuja kila masika.

Ili kuyaelewa mafurushi yale lazima ukumbuke historia. Mwaka 1976 serikali ya Tanzania ilivivunja vyama vikuu vya ushirika, kazi zao zikaenda kwa vijiji na mamlaka za mazao. Sheria ya ushirika ya mwaka 1982 ndiyo iliyowafungulia mlango wa kurudi. Kwa hiyo karatasi za chama kama hiki zina ufa katikati: kuna za kabla, kuna za baada, na kati yake kuna miaka ambayo ofisi ilikuwa mikononi mwa mwingine. Mafurushi yalifungwa siku za makabidhiano. Nani aliyafunga na kwa mpango gani, hakuna aliyetuambia, nasi hatukuuliza. Nitalirudia jambo hili.

Sababu ya chama kutaka nyaraka zipangwe ilikuwa ya kawaida kabisa: wanachama walikuwa wanakuja kudai. Mjukuu anataka kujua hisa za babu yake. Chama cha msingi kina mgogoro wa kiwanja. Karani anaingia stoo, anatoka baada ya saa mbili akiwa mweupe kwa vumbi, mikono mitupu.

Walikwisha kujaribu watu wa kujitolea. Wa kwanza alidumu wiki tano. Wa pili alidumu miezi miwili, akapata kazi ya dukani. Siwalaumu. Kazi hii ina ugumu wake: miezi mitatu ya mwanzo mtu bado anajifunza kusoma miandiko, kuitambua mihuri, kujua nani alikuwa nani na nani alimwandikia nani. Baada ya hapo ndipo anaanza kuwa na manufaa. Asiyelipwa anaondoka palepale anapoanza kuiva. Nilipoitwa kushauri, sharti langu la kwanza lilikuwa kijana alipwe.

Mpango wa uanagenzi

Uanagenzi kwetu umezoeleka kwenye gereji, useremala, ushonaji na hoteli. Kwa utunzaji wa kumbukumbu njia ya kawaida ni chuo kwanza: Astashahada ya Awali, kisha Astashahada, kisha Stashahada, ndipo mtu aguse jalada la ofisi. Sisi tulitaka kuanzia upande wa pili. Sheria ya Kumbukumbu na Nyaraka za Taifa Na. 3 ya mwaka 2002 inasimamia hasa kumbukumbu za umma, na ushirika ni mali ya wanachama wake, hivyo masharti ya ajira za serikali hayakutubana. Fedha zilikuwa za miezi 18, nusu kutoka kwa mfadhili, nusu kutoka kwa chama.

Waombaji walikuwa 31, tukawaita tisa. Kila mmoja nilimpa jalada lenye nakala za barua 20 zilizofungwa kwa tagi, nikampa dakika ishirini, kisha nikamwomba anieleze alichokiona. Wengi walieleza vizuri, wengine kwa Kiingereza kizuri pia. Binti mmoja wa miaka 22, aliyemaliza kidato cha sita na kukaa nyumbani miaka miwili, alitoa maelezo ya wastani. Lakini alipomaliza alizirudisha barua kwenye tagi kwa mpangilio uleule aliozikuta nao, na moja niliyokuwa nimeiweka kichwa chini akairudisha kichwa chini. Nikamuuliza kwa nini hakuigeuza.

"Sikujua kama iligeuzwa kwa makusudi," akasema.

Nilimchukua kwa jibu hilo. Naomba msomaji alishike, kwa sababu miezi miwili baadaye binti huyuhuyu alifanya kinyume chake, na kisa chote kimo katika kueleza kwa nini.

Tulimwekea kiapo cha siri, maana katika leja za mikopo angekutana na madeni ya babu wa majirani zake. Hilo lilikwenda vizuri tangu siku ya kwanza hadi ya mwisho, na sina la kuongeza.

Kwenye malipo ndipo tulipojikwaa. Mhasibu wa chama, mtu mwadilifu ninayemheshimu, alisema, "Mama, pesa ya mfadhili lazima ionekane imefanya nini." Tukakubaliana hivi: shilingi 150,000 kwa mwezi za nauli na chakula, na shilingi 5,000 kwa kila boksi lililosafishwa, kupangwa na kuorodheshwa. Lengo lilikuwa maboksi 30 kwa mwezi. Nilisaini. Nilikuwa na zaidi ya miaka ishirini katika kazi hii, na nilisaini.

Miezi miwili ya kwanza

Mwezi wa kwanza tulikaa naye. Nilimfundisha kufuta vumbi kwa brashi laini kuanzia katikati ya karatasi kwenda ukingoni, kutoa pini zenye kutu bila kuzivuta, kutogusa selotepu ya zamani, kuandika kwa penseli tu, na kutorudisha karatasi yenye unyevu kwenye boksi hata kama inaonekana kavu, kwa sababu ukungu hauhitaji zaidi ya siku mbili kuanza. Mikono yake ilikuwa mizuri. Mwezi huo tulimaliza maboksi 12.

Kuhusu mpangilio nilimwambia kwa mdomo, mara moja, tukiwa tumesimama mlangoni: karatasi za chama kimoja cha msingi zisichanganywe na za kingine, na kila furushi lifunguliwe kama lilivyo. Sikuandika. Wiki iliyofuata niliondoka kwa kazi nyingine mkoa wa mbali, nikakaa wiki tano.

Wiki ya nne mhasibu alinitumia ujumbe wa pongezi: maboksi 41. Nilifurahi. Nilipaswa kuogopa. Mtu aliyefanya maboksi 12 akiwa na mwalimu pembeni hafanyi 41 akiwa peke yake, ila kama kuna kitu amekiacha.

Siku ya kurudi

Nilirudi siku ya Jumanne. Akanipokea mlangoni, "Shikamoo mama," uso umejaa furaha, akanipeleka kwenye rafu. Maboksi yamepangwa safi, lebo zimeandikwa kwa mwandiko wa kupendeza: 1948, 1949, 1950. Kila boksi mwaka wake.

Nilifungua la 1952. Juu kulikuwa na barua ya chama cha msingi cha ukanda wa juu kuhusu mbolea. Chini yake stakabadhi ya chama cha ukanda wa chini. Chini yake muhtasari wa kikao cha chama cha tatu. Nikafungua la 1953. Vilevile.

"Kamba ziko wapi?" nikamuuliza.

"Zipo kwenye kiroba, mama. Zinachomwa Ijumaa."

Tulikwenda kukitazama kiroba. Kamba za katani zilizokatwa, na katikati yake vipande vya maboksi ya sabuni, kila kimoja na namba iliyoandikwa kwa penseli. Nikajua tulichokipoteza. Kila kamba ilikuwa furushi, na kila kipande cha boksi kilikuwa lebo yake.

Sikumfokea. Nilikaa juu ya gunia nikamwomba anieleze. Alieleza bila kuficha. "Furushi moja lilinichukua siku mbili, mama, na halikujaa boksi. Ndani mna miaka kumi imechanganyika. Nikapiga hesabu. Nikienda hivyo, mwezi mzima napata maboksi kumi. Nikipanga kwa mwaka, yanajaa haraka." Akanyamaza kidogo, kisha akasema: "Nilijua kuna kitu si sawa. Lakini mkataba unasema boksi."

Kwa asiye wa fani, huenda hasara haionekani. Karatasi zote zipo, hakuna iliyochanwa, na tena zimesafishwa. Lakini barua ya 1952 inayosema "kama tulivyokubaliana, kiambatisho kimo humu" haina maana bila kiambatisho chake, na kiambatisho hakina jina wala tarehe. Kilichokuwa kikivieleza ni kulala pamoja ndani ya kamba moja. Kanuni ya kuheshimu mpangilio wa awali iliandikwa Uholanzi mwaka 1898 na imeenea duniani kote. Nyaraka za utawala wa Kijerumani zilizo Dar es Salaam, zilizoingizwa mwaka 1997 katika orodha ya UNESCO ya Kumbukumbu ya Dunia, bado zinasomeka zaidi ya miaka mia moja baadaye kwa sababu unaweza kufuata mafungu ya masjala, yaani ofisi ya majalada, iliyozizaa. Haya nilikuwa nayafahamu vizuri sana. Aliyehitaji kuyafahamu alikuwa peke yake stoo, akihesabu maboksi.

Maamuzi manne

Meneja alitaka mkataba uvunjwe. Hoja yake ilikuwa na uzito: tumeshalipa zaidi ya laki tatu kwa kazi inayopaswa kurudiwa. Nilimjibu kwamba kijana alifanya kile hasa tulichomlipa afanye. Tukimwondoa, anayekuja atakuta mkataba uleule na atafanya hivyohivyo, na hatakuwa na faida ya kuwa amekosea. Kikao kilichukua asubuhi nzima. Mhasibu ndiye aliyelimaliza, na nampa heshima yake: alisema kosa la kwanza lilikuwa la kalamu yake.

Uamuzi wa pili ulihusu kurekebisha au kuacha. Hili si jepesi kama linavyoonekana. Kujaribu kurudisha mpangilio uliovunjwa ni kubahatisha, na kubahatisha kukivaa sura ya uhakika ni kubaya kuliko fujo inayojulikana kuwa fujo. Tuliamua kwanza kupiga picha na kuorodhesha hali ilivyo, boksi kwa boksi, ili yeyote atakayekuja aone tulipoanzia. Kisha tujaribu kwa wiki kumi, si zaidi. Karatasi isiyo na ushahidi wa kutosha iachwe, na iandikwe kwamba imeachwa.

Wa tatu ulikuwa malipo. Tulifuta shilingi za boksi. Akawekewa 320,000 kwa mwezi, tarehe 28, awe amemaliza boksi moja au ishirini. Badala ya idadi, tukamtaka aandike daftari la maamuzi: kila siku, angalau jambo moja aliloliamua, alichokiona, na kwa nini hakuamua vingine.

Wa nne nilipaswa kuufanya kabla ya yote. Mlinzi wa zamu ya asubuhi alituambia yuko mzee mmoja, anakaa karibu na soko, aliyekuwa karani wa masjala ya chama mwaka 1976. Miaka yote hiyo hakuna aliyewahi kumwita. Tulimfuata nyumbani, tukamwomba, tukamlipa posho ya siku kama mtaalamu yeyote.

Kazi ya kurudisha

Mzee alipomwagiwa kamba mezani alizitazama muda mrefu, kisha akaanza kuzigawa. Wale makarani walikuwa watatu, akatueleza, na walipewa siku chache tu za kufunga kila kitu. Wakagawana vyama kwa kanda. Kila mmoja alikuwa na fundo lake. Lake lilikuwa la kurudia mara mbili. "Hili si langu," akasema akiinua kamba moja. "Huyu alikuwa mwenzangu wa ukanda wa chini, alipenda fundo la kufungulika." Binti alikuwa anaandika haraka, huku anafuta machozi kwa mgongo wa mkono, na mzee akamwambia, "Andika mjukuu wangu, usilie. Sisi pia tulizifunga kwa haraka."

Vile vipande vya maboksi ya sabuni vilitupa orodha: mafurushi 63. Tukajua yalikuwa mangapi na ya vyama vipi. Kilichobaki ilikuwa kujua ipi iliingia wapi, na hapo karatasi zenyewe zilitusaidia kuliko nilivyotarajia.

Pini ya kutu huacha doa kwenye karatasi iliyoibana na kivuli chake kwenye karatasi iliyolala juu. Ukiweka mbili pamoja na madoa yakakutana, zilikuwa majirani kwa miaka. Mdudu aliyetoboa hakutoboa karatasi moja, alipita kwenye rundo zima, na tundu lake hubadilika kidogo kidogo kadiri linavyoingia ndani. Ukifuata matundu unaweza kupanga barua thelathini bila kusoma neno. Kamba yenyewe huacha mfereji ukingoni, na mfereji wa fundo la mzee ulikuwa mpana kuliko wa mwenzake. Baada ya hapo ndipo zinakuja namba za kumbukumbu kwenye kona ya barua, mihuri, na mwandiko.

Wiki ya sita nilikuwa nimeweka stakabadhi moja kwenye furushi la chama fulani kwa sababu jina la mweka hazina lililingana. Binti akaiinua kwenye mwanga wa dirisha, akaiweka juu ya barua iliyoitangulia, akaniita.

"Mama, tundu halikupita hapa."

Nikatazama. Barua ilikuwa na tundu karibu na herufi ya mwisho ya sahihi. Stakabadhi ilikuwa nzima. Mweka hazina yule, tulikuja kujua kwa mzee, alihudumu vyama viwili kwa nyakati tofauti. Siku hiyo nilijua kwamba ninaye mtunza nyaraka, si mwanafunzi anayesaidia kufuta vumbi. Daftari lake la siku hiyo lina mistari mitatu tu, na wa mwisho unasema: "Jina linaweza kufanana, tundu haliwezi."

Kazi ilichukua wiki kumi na moja, moja zaidi ya tuliyopanga.

Matokeo

Kati ya mafurushi 63, tuliyarudisha 49 kwa uhakika. Tisa tuliyarudisha kwa sehemu, na kila karatasi ya mashaka ikawekewa karatasi ya maelezo. Matano hayakurudi. Karatasi zake tumeziweka katika maboksi yake yenyewe, na orodha inasema wazi kwamba mpangilio uliomo humo ni wetu.

Baada ya hapo mwendo ulibadilika. Mafurushi yaliyosalia katika stoo nyingine aliyafungua mwenyewe, kamba ikihifadhiwa ndani ya bahasha kwenye boksi lake, na picha ikipigwa kabla ya kukata. Kila furushi lilielezwa kwa kufuata ISAD(G), kiwango cha kimataifa cha kueleza nyaraka, kwa yale mambo sita ya lazima: namba ya rejea, jina, tarehe, ngazi ya maelezo, kiasi na mzalishaji, na la saba alilolisisitiza yeye, historia ya furushi lenyewe. Hadi mwezi wa 18 alikuwa amemaliza maboksi 140 na ushei. Ni pungufu sana ya lengo la awali. Lakini karani anayetafuta hisa za mtu sasa anatoka na jibu ndani ya nusu saa, na akitoka bila jibu anajua kwamba jibu halimo.

Mwezi wa 14 walikuja viongozi wa chama cha msingi chenye mgogoro wa kiwanja cha kukusanyia kahawa. Kesi ilikuwa Baraza la Ardhi na Nyumba la Wilaya. Binti aliwaletea barua ya kuomba kiwanja, na jibu la chama kikuu likisema ramani imeambatishwa. Ramani haikuwemo. Ilikuwemo ramani moja katika maboksi ya yale mafurushi matano yasiyorudi: imechorwa kwa mkono, penseli ya bluu, mto, barabara, mstatili wenye herufi K, bila jina, bila tarehe, bila sahihi. Huenda ni yenyewe. Doa la pini lilikuwepo, lakini jibu lile la chama kikuu lilikuwa limetolewa pini wiki zile za haraka, na ukingo wake uliosagika ulikuwa umesafishwa mno. Hatukuweza kuandika kwamba hivi viwili vilikuwa pamoja. Wazee wale walitusihi. Mmoja alisema, "Mama, mnajua ni yenyewe, andikeni tu." Tulikataa, na usiku ule sikulala vizuri. Waliondoka na nakala ya barua mbili bila ramani.

Mwanagenzi alipomaliza, chama kilimwajiri kwa mkataba wa mwaka mmoja. Ni jambo jema. Ila alipotaka kuomba kazi serikalini alikuta kile tulichokuwa tunakijua na kukipuuza: matangazo mengi ya Msaidizi wa Kumbukumbu yanataka Stashahada. Barua yangu ya uthibitisho, kurasa mbili nilizoziandika kwa moyo wote, haikuwa na uzito popote. Sasa anasoma chuo kuanzia ngazi ya awali, pamoja na vijana ambao hawajawahi kufungua jalada.

Uchambuzi

Mshahara ulifanya kazi. Nalisema kwanza kwa sababu baada ya kosa wapo waliosema tatizo lilikuwa kumlipa kabisa, kwamba mtu mwenye wito asingehitaji. Wiki kumi na moja za kufuata matundu ya wadudu hazifanywi na mtu anayewaza nauli ya kesho. Mwezi wa saba malipo yalichelewa siku 19 kwa sababu ya fedha za mfadhili. Aliendelea kuja, lakini alikuwa anakopa kwa mangi, mwenye duka wa jirani, na daftari la maamuzi la siku hizo ni tupu. Nilipomuuliza baadaye alisema alikuwa anakuja na mwili tu. Kilichotuangusha ni kulipa kwa kipimo kisichohusiana na ubora wa kazi. Fundi wa matofali unaweza kumlipa kwa tofali, kwa sababu tofali bovu linaonekana. Boksi lililopangwa vibaya linapendeza kuliko lililopangwa vizuri.

Linaloniuma zaidi ni usaili. Tulimchagua kwa sababu alirudisha barua kichwa chini. Tabia ile alikuja nayo kutoka kwao, hatukumfundisha sisi. Mkataba wetu ukamlipa kuiacha, naye akatii, akiwa na miaka 22, mwajiri wa kwanza maishani mwake, kodi ya chumba inasubiri. Yeyote anayesoma kisa hiki kama kosa la mwanagenzi hajakisoma.

Kutokuwepo kwangu wiki tano ni kosa la pili, na nadhani ni kosa dogo kuliko nilivyokuwa nikijisemea mwanzoni. Msimamizi yeyote hutoka. Kosa hasa lilikuwa kutoka bila kuacha maandishi. Sisi watunza nyaraka, tunaowaambia watu wote waandike, tunafundishana kwa mdomo mlangoni. Ukurasa mmoja ungetosha, na sasa upo, umebandikwa ukutani wa stoo: piga picha kabla ya kukata, kamba na lebo ni sehemu ya waraka, usilolijua liache kama ulivyolikuta.

Mzee wa masjala angepaswa kuitwa wiki ya kwanza. Tulimwona kama kumbukumbu ya historia, mtu wa kuhojiwa siku moja tukipata nafasi, kumbe alikuwa nusu ya ufunguo wa mkusanyo. Alifariki miezi minne baada ya kazi ya kurudisha kumalizika. Ukiwa na karani mstaafu karibu, usisubiri.

Daftari la maamuzi ndilo ningelichukua kwenda nalo popote. Linamfanya mwanagenzi aone kwamba anaamua, na linampa msimamizi kitu cha kusoma ambacho hakidanganyi kama idadi. Nilikuwa nikilisoma kila Ijumaa kwa saa moja. Ukurasa unaosema "leo sikuamua kitu" ulinipa taarifa zaidi kuliko ripoti ya mwezi.

Kwenye cheti tulimkosea na bado hatujamlipa. Tulipaswa kuzungumza na chuo kabla ya kutangaza nafasi, miezi 18 iende sambamba na masomo yanayotambulika, hata kama ingemaanisha kuchukua baadaye mwanagenzi mmoja badala ya wawili tuliopanga. Chama kimekubali kumlipia ada ya mwaka wa kwanza. Ni sehemu ya deni.

Kuhusu kukataa kuiunganisha ramani na barua, tumeulizwa na wengi, wakiwemo wajumbe wa bodi. Naendelea kuamini tulifanya sawa. Siku tukiandika tusichokiona, barua nyingine zote za mafurushi 49 tuliyoyarudisha zinaanguka pamoja nayo, kwa sababu hakuna atakayejua lini tuliona na lini tulitamani.

Ramani ile ina jalada lake peke yake sasa. Maelezo yake aliyaandika mwanagenzi, na sikubadili neno: "Ramani ya mkono, penseli ya bluu, karatasi 1. Iliondolewa kwenye furushi lake katika mwezi wa pili wa kazi. Furushi halijulikani. Iliondolewa na mimi." Akaweka sahihi na tarehe. Chini yake nimeongeza mstari wangu: "Kwa mkataba nilioukubali mimi." Nami nikaweka sahihi.